Oktoba ya Daniel Pearl: Mwandishi anayekumbukwa kwa fidla

Tarehe 10 Oktoba 2002 mwandishi wa habari wa Marekani Daniel Pearl angetimiza umri wa miaka 39. Hakuifikia. Januari ya mwaka huo alitekwa nyara mjini Karachi, Pakistan, akifuatilia habari, na waliomteka wakamuua na kuyasambaza mauaji hayo kwa video. Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, wazazi, ndugu na marafiki zake hawakukodi uwanja wala kuandaa onesho moja kubwa la mastaa. Waliwaomba wanamuziki wa kila aina, popote walipo, ambao tayari walikuwa na onesho karibu na tarehe hiyo, walitoe kwa kumbukumbu yake.

Ombi lenyewe lilikuwa dogo, na ndiyo maana lilisafiri mbali. Siku moja ya muziki ikapanuka hadi ikawa mwezi mzima wa Oktoba, mfululizo unaojulikana kama Daniel Pearl World Music Days. Kwa miaka iliyofuata ulikusanya matamasha maelfu katika nchi zaidi ya 100: okestra za miji mikubwa, kwaya, bendi za shule, makundi ya nyuzi ya watu wanne, wapiga jazi na wapiga muziki wa asili. Miongoni mwa waliokubali majina yao yatumike kuunga mkono jambo hili ni mpiga fidla Itzhak Perlman, mpiga chelo Yo-Yo Ma, kondakta Zubin Mehta, na bingwa wa sitari kutoka India, Ravi Shankar.

Utaratibu wake ni mwepesi. Haidaiwi okestra mpya, ukumbi mpya, wala programu mpya. Kama okestra ya mtaa imepanga kumpiga Mozart Jumamosi ya pili ya Oktoba, itampiga Mozart vilevile. Kinachoongezeka ni maneno machache kutoka jukwaani kabla ya muziki kuanza, kumtaja Daniel na jambo aliloliamini, pamoja na maelezo mafupi katika kijitabu cha programu wanachopewa wasikilizaji mlangoni. Wanamuziki wa mji mmoja hawahitaji kujuana na wa mji mwingine. Kila jumuiya hubeba kumbukumbu hiyo kwa ala ilizonazo na kwa watu wake yenyewe.

Familia nyingi humkumbuka marehemu wao kwa tarehe ya kifo. Kwa Daniel, tarehe hiyo iliamuliwa na wauaji, kama walivyoamua pia picha ya mwisho ambayo ulimwengu ungeiona. Familia yake ilikataa kuwaachia mambo yote mawili. Badala ya tarehe hiyo ikachagua Oktoba, na badala ya video ikachagua muziki. Uamuzi huo ndio unaostahili kutazamwa kwa karibu na yeyote aliyewahi kujiuliza amkumbukeje mpendwa wake aliyeondolewa duniani kwa ukatili.

Kwa nini muziki? Kwa sababu Daniel alikuwa mpiga fidla kabla hajawa mwandishi wa habari. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1963, akakulia Encino, kitongoji cha Los Angeles. Baba yake, Judea Pearl, ni profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2011. Mama yake, Ruth, alizaliwa Baghdad katika familia ya Kiyahudi na akiwa mtoto alinusurika mashambulizi dhidi ya Wayahudi wa mji huo mwaka 1941. Baadaye akawa mhandisi wa umeme. Mtoto wao alifundishwa fidla ya klasiki tangu akiwa mdogo, kwa nidhamu yote inayoendana na mafunzo hayo. Ukubwani akaitoa fidla yake nje ya ukumbi wa klasiki: akapiga jazi, akapiga muziki wa nyuzi wa vijijini Marekani uitwao bluegrass, akajifunza na mandolini.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1985, akaanzia kazi katika magazeti madogo ya magharibi mwa jimbo la Massachusetts, na mwaka 1990 akaajiriwa na Wall Street Journal. Gazeti lilimhamisha kutoka Atlanta hadi Washington, kisha London, Paris, na hatimaye Mumbai, alikokuwa mkuu wa ofisi ya Asia Kusini. Fidla ilihama naye. Kila alipofika alitafuta watu wa kupiga nao, na marafiki zake wa miji hiyo walimfahamu kwa muziki kama walivyomfahamu kwa kalamu.

Kuna habari moja aliyoiandika mwaka 1994 ambamo kalamu na fidla vilikutana. Ilihusu fidla iliyotengenezwa na Antonio Stradivari mwaka 1732, ijulikanayo kama Duke of Alcantara, mali ya chuo kikuu kile kile alichofundisha baba yake. Mwaka 1967 chuo kilimwazima fidla hiyo mpigaji wa kundi la nyuzi la watu wanne, na ikapotea mikononi mwake. Haikufahamika kama aliisahau juu ya paa la gari akaondoka, au iliibwa. Miaka 27 baadaye ikaibuka kwa mwanamke aliyepiga fidla kwa kujiburudisha, ilipopelekwa kwa fundi. Chuo kikataka mali yake, naye akasema ni yake. Aliyewahi kubeba fidla yake uwanja hadi uwanja wa ndege ndiye angeweza kuieleza vizuri hofu ya mpigaji aliyepoteza ala isiyo na mfano. Habari hiyo imo katika At Home in the World, kitabu cha makala zake kilichohaririwa na mwenzake wa gazetini Helene Cooper na kuchapishwa mwaka 2002.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kulifahamu jina hili, hata kama hajawahi kusikiliza okestra. Agosti 7, 1998, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam zilipigwa mabomu na watu 224 wakauawa. Siku 13 baadaye Marekani ilijibu kwa makombora, mojawapo ya shabaha ikiwa kiwanda cha dawa cha al-Shifa mjini Khartoum, kwa madai kwamba kilihusika na silaha za kemikali. Pearl alikwenda Sudan kuuliza maswali, na Oktoba ya mwaka huo gazeti lake likachapa habari iliyoonesha mashaka makubwa juu ya madai hayo. Alikuwa Mmarekani anayeandikia gazeti la Marekani, wakati hasira ya nchi yake ilikuwa bado ya moto.

Habari ya pili inatuhusu zaidi, na ina uchungu wake. Novemba 16, 2001, miezi miwili baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Pearl na mwenzake Robert Block walichapisha taarifa kwamba biashara ya magendo ya tanzanaiti, kito kutoka Mererani, Tanzania, iliwafaidisha wafuasi wa Osama bin Laden. Ushahidi mmojawapo ulitoka katika kesi ya New York ya mabomu ya balozi, ambamo daftari za mshitakiwa aliyewahi kuishi Nairobi zilitaja jiwe hilo. Wauzaji wakubwa wa Marekani, wakiwemo Tiffany na QVC, walisitisha kuuza tanzanaiti. Bei ikaporomoka, na walioumia mapema ni wanaapolo wanaoshuka mashimoni na madalali wanaowategemea. Februari 2002, katika maonesho ya vito mjini Tucson, Arizona, wafanyabiashara na Serikali ya Tanzania walikubaliana utaratibu wa kufuatilia jiwe kutoka mgodini hadi dukani, na mwakilishi wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani akasema hawakuona ushahidi kwamba al-Qaeda ilikuwa ikiitumia biashara hiyo wakati huo. Tofauti kati ya "iliwahi" na "inaendelea" ni kubwa kwa mchimbaji wa Mererani. Hili nalo ni sehemu ya maisha ya Daniel Pearl. Kumbukumbu yenye heshima inaweza kulibeba bila kuvunjika.

Mkutano wa Tucson ulipofanyika, Daniel alikuwa ameshatoweka. Jioni ya Januari 23 alitoka kwenda kuonana na mtu aliyeahidiwa kukutanishwa naye, akiwa anafuatilia nyayo za Richard Reid, yule aliyejaribu kulipua ndege kwa bomu la kiatuni. Miadi ilikuwa mtego. Mkewe Mariane, naye mwandishi wa habari, alikuwa mjamzito. Februari 21 video ilithibitisha kifo chake, Mei mabaki yake yakapatikana pembezoni mwa Karachi, na mwishoni mwa mwezi huo huo mtoto wao wa kiume akazaliwa Paris.

Wazazi wa Daniel wangeweza kujifungia ndani na majonzi yao, na hakuna ambaye angewalaumu. Ndani ya mwaka huo walianzisha taasisi yenye jina la mtoto wao, ikafanya kazi kupitia mambo aliyoyapenda, yaani uandishi, muziki na mazungumzo kati ya watu wa tamaduni tofauti. Waandishi wa habari kutoka nchi za Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini walialikwa kufanya kazi kwa muda katika vyumba vya habari vya Marekani, ikiwemo wiki moja katika gazeti la Kiyahudi la Los Angeles. Judea Pearl alipanda jukwaani mji hadi mji pamoja na Akbar Ahmed, msomi Mwislamu kutoka Pakistan, wakijadiliana hadharani, bila kukwepa magumu, juu ya uhusiano wa Waislamu na Wayahudi. Hebu mtu afikirie baba huyu alivyokuwa akiketi na Mpakistani, miaka michache baada ya Karachi, mbele ya ukumbi uliojaa watu wa pande zote mbili.

Matamasha ya Oktoba yalikuwa njia ya tatu, na pengine ndiyo iliyofika kwa watu wa kawaida wengi zaidi. Mdahalo humvuta aliye tayari kujadiliana. Tamasha la mtaani humvuta mzazi aliyekuja kumwona binti yake akipiga chelo katika bendi ya shule, naye akiwa amekaa hapo husikia jina la mtu asiyemjua na sababu ya kutajwa kwake.

Lakini njia hii ina udhaifu, na haufai kufichwa. Sentensi mbili kutoka jukwaani zinaweza kupita kama tangazo la kuzima simu. Ukumbi unaosikia tu kwamba "tamasha hili ni kwa heshima ya Daniel Pearl" haujapewa kitu cha kukikumbuka. Waandaaji makini huandika katika programu kwamba alikuwa nani, alipiga nini, aliandika nini, na kwa nini muziki umechaguliwa. Tofauti kati ya maandalizi hayo mawili ndiyo tofauti kati ya kumbukumbu na desturi tupu.

Baadhi ya watunzi walikwenda mbali zaidi, wakatunga kazi mpya. Russell Steinberg, mtunzi wa Los Angeles, alitunga Stories from My Favorite Planet kwa fidla, piano na msomaji. Msomaji husoma vipande vya makala za Daniel mwenyewe, nazo ala hujibu. Kwa njia hiyo msikilizaji hukutana na mwandishi mcheshi, mwenye jicho la kuona vituko vya dunia, kabla ya kukutana na msiba wake.

Kazi mashuhuri zaidi ni ya Steve Reich, mtunzi wa Kimarekani ambaye mwaka 1970 alikwenda Ghana kujifunza ngoma, na mafunzo hayo yakabaki katika mapigo ya muziki wake. Daniel Variations ilipigwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Barbican, London, Oktoba 2006, siku chache baada ya Reich kutimiza miaka 70 na siku chache kabla ya siku ya kuzaliwa ya Daniel. Ina waimbaji, klarineti mbili, piano nne, vibrafoni nne, ala za kugonga na kundi la nyuzi la watu wanne. Inachukua takribani nusu saa.

Ina sehemu nne. Ya kwanza na ya tatu hutumia maneno ya Kitabu cha Danieli katika Biblia, mahali penye ndoto ya kutisha ya mfalme Nebukadneza, na piano huzipigia sauti nzito zenye kiza. Ya pili na ya nne ni za Daniel wa Encino, na humo fidla zinashika usukani, kwa kuwa ndiyo ala yake. Katika sehemu ya pili anajitambulisha jina, asili na mji wake, na hapo ndipo Reich alipofanya jambo la kijasiri: maneno hayo yanatoka katika ile video ya watekaji. Walimlazimisha kuyasema kama ungamo. Mtunzi akayatoa mikononi mwao na kuwapa waimbaji, yakarudiwa na kurudiwa hadi yakawa tamko la mtu anayejivunia alikotoka. Sehemu ya nne imejengwa juu ya jina la wimbo uliorekodiwa na Stuff Smith, mpiga fidla wa jazi aliyependwa na Daniel, wenye matumaini kwamba malaika Gabrieli naye ataupenda muziki wa mpigaji. Hapo fidla zinacheza kwa furaha. Kwaya ya Los Angeles Master Chorale iliirekodi kazi hii chini ya kondakta Grant Gershon, na rekodi ikatoka mwaka 2008.

Huko Maine, fundi wa fidla Jonathan Cooper alitengeneza ala yenye jina la Daniel. Haikuwekwa kwenye kabati la kioo. Ilikabidhiwa mwanafunzi katika kambi ya mafunzo ya mpiga fidla Mark O'Connor ili aipige kwa mwaka mmoja, kisha mwingine aipokee. Na katika bonde la San Fernando, alikosoma Daniel ujanani, shule ya sekondari yenye mkazo wa uandishi wa habari imepewa jina lake.

Je, muziki umeleta haki? Haukuleta, na familia haikuwahi kudai hivyo. Omar Saeed Sheikh, aliyehukumiwa mwaka 2002 kwa kumteka na kumuua Daniel, alifutiwa hatia ya mauaji na Mahakama Kuu ya jimbo la Sindh mwezi Aprili 2020. Wazazi wakakata rufaa, wakiwa wazee wa zaidi ya miaka 80. Januari 28, 2021 Mahakama ya Juu ya Pakistan ikaamuru aachiliwe. Khalid Sheikh Mohammed, mtuhumiwa wa al-Qaeda anayeshikiliwa Guantanamo, amedai kwamba yeye ndiye aliyeua. Ruth Pearl alifariki Julai 2021, karibu miezi sita baada ya amri hiyo ya Mahakama ya Juu. Alikuwa amepigania haki mahakamani na amesikiliza matamasha ya Oktoba kwa miaka ile ile, na hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililomfanya aache lingine.

Fidla si mgeni katika pwani yetu. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905, kimeishi nayo kwa vizazi vingi, na Dhow Countries Music Academy inaifundisha kwa vijana wa Zanzibar leo. Nairobi ina okestra yake. Katika mtaa wake wa Korogocho kuna watoto wa mradi wa Ghetto Classics wanaosoma nota. Kwaya za makanisa na bendi za tarumbeta zipo kila wilaya. Na waliouawa wakiwa kazini tunao. Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa kwa mlipuko mikononi mwa polisi katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, Septemba 2, 2012. Polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2016. Umoja wa klabu za waandishi wa habari Tanzania ulianzisha tuzo yenye jina la Mwangosi, na ulifanya vyema. Lakini tuzo huwafikia zaidi wanahabari wenyewe. Mtu wa Mufindi anayemwona mwanawe akiimba kwaya Jumapili hafikiwi nayo.

Njia ya familia ya Pearl haihitaji mfadhili wala kibali kutoka Los Angeles. Kikundi chenye onesho kwenye ratiba yake, kiwe cha taarabu, kwaya, bendi ya shule au okestra, kinaweza kulitoa onesho hilo kwa mtu mmoja ambaye jumuiya yake ilimpoteza: mwandishi, mwalimu, muuguzi, mwanamuziki mwenzao. Kiulize familia yake alipenda wimbo gani, kiuweke kwenye programu, kiandike ukurasa mmoja wa ukweli juu ya maisha yake, mazuri na yenye utata, na kimpe mtu mwenye sauti nzuri ausome kabla ya mpigo wa kwanza. Viongozi wa vikundi wanaopanga maonesho ya miezi ijayo, anzeni na tarehe ya kuzaliwa ya mtu huyo.